Kisanduku Nilichokiandika Kuwa Kizima

Utasema nimetunga. Sawa, sema. Hata mke wangu alisema hivyo siku ya kwanza, na yeye anajua kabisa kwamba sina akili ya kutunga. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, nashinda na bisibisi na waya, na kanisani kwetu nilijulikana kwa kubishana na kila aliyesema ameona mzimu. Nilikuwa nawacheka mpaka wananuna. Leo sicheki. Nitakueleza ilivyokuwa, na chumvi sitaongeza hata punje.

Kwanza uijue kazi yangu kidogo, maana bila hiyo hutaona ubaya wa jambo lenyewe. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna kisanduku cha chuma chenye feni. Huku tunakiita alimentation. Kinapokea umeme wa ukutani, kinaupunguza, kisha kinaugawa kwa waya za rangi. Ya njano lazima itoe volti kumi na mbili, nyekundu volti tano, ya chungwa tatu na kidogo. Ya zambarau inatoa tano hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa. Halafu kuna ya kijani: ukiiunganisha na nyeusi kwa kipande cha waya, kisanduku kinaamka peke yake juu ya meza. Hapo unachukua mita yako unapima rangi moja moja.

Lakini kisanduku kibovu kinajua kudanganya, niamini. Kikiwa hakina kazi ya kufanya, kinakuonyesha kumi na mbili safi kabisa, ungekiozesha binti yako. Kipe mzigo, kinaanguka. Sisi mafundi wa huku hatuna vyombo vya gharama, kwa hiyo tunafunga ampoule, yaani balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, kwenye waya ya njano na nyeusi. Ampoule inawaka, kisanduku kinabeba, ndipo unasoma mita. Isiposhuka chini ya kumi na moja na nusu, unachukua kalamu nene ya bluu unaandika ubavuni BON, yaani kizima. Fundi mwingine yeyote wa mjini akiliona neno hilo hakipimi tena, anaenda kutafuta ugonjwa mahali pengine. Ndiyo desturi yetu, na tunaiheshimu.

Sasa sikiliza. Boti moja ya mizigo na watu iliondoka ufukoni kwetu kwenda Kalemie, haikufika. Jina lake sitalitaja, na mwenye boti nitamwita patron tu, kwa kuwa bado tunapishana njiani. Asubuhi ya safari, sekretari wa ile boti aliandika majina ya abiria kwenye kompyuta ya ofisini, akatoa karatasi moja ya kwenda na boti. Kabla hajatoa ya pili ya kubaki, mashine ikazima. Akasema ataishughulikia akirudi, akapanda boti kusindikiza mizigo. Basi karatasi ikazama, na sekretari akazama.

Karibu na karakana yangu kuna Mama Sifa, anauza chai na mikate ya mafuta. Binti yake Sifa alikuwa kwenye boti ile. Alitoka Lulimba, kwenye dhahabu, akimfuata mume wake Kalemie, akafika ufukoni boti ikikaribia kuondoka, hata kwa mama yake hakupita. Siku ya tatu ziwa lilimtoa, wakamleta, tukamzika. Lakini Sifa alikuwa na mtoto wa miezi tisa, Daudi, na Daudi hakuonekana. Watu wa Lulimba waliapa kwamba aliondoka naye mgongoni. Wale wachache waliopona, mmoja alisema alimwona na mtoto, mwingine akasema hapana, na Sifa alipotolewa majini hakuwa na kikwembe, kitambaa cha kubebea mtoto. Unaona taabu hiyo? Kilio cha Sifa tulikilia. Cha mtoto hatukujua tukilie au tusikilie.

Kila mtu alijua, hata mimi nisiyewahi kumwona kwa macho, kwamba yule sekretari alikuwa mtu wa utaratibu. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliandika jina lake na mbele yake "na mutoto". Asiye na mtoto, aliandika "peke". Na mbele zaidi, jina la mtu wa kuambiwa likitokea jambo. Kwa hiyo jibu la Mama Sifa lilikuwa mle ndani ya mashine iliyozima, basi. Wenye misiba walimsonga patron mpaka akaileta kwangu.

Na hapa ndipo nilipokosea. Sitalizungusha. Siku ile ampoule ya kupimia ilikuwa kwenye pikipiki yangu, kwa sababu ile ya pikipiki yenyewe iliungua wiki ile. Kuifungua ni dakika kumi. Kumi tu! Lakini ulikuwa wakati wa mitihani, masekretari wa shule wamejipanga mlangoni, kila mmoja na mashine yake na kelele zake. Nikasema moyoni, mkono wangu unatosha, kazi hii naijua. Nikaunganisha kijani na nyeusi, feni ikazunguka, njano ikasoma kumi na mbili na nukta moja. Nikaandika BON. Nikamwambia patron alimentation ni nzima, kilichokufa ni kadi kubwa ya ndani, na ya aina ile haipatikani hapa. Nikamwambia pia aniachie diski niitafutie mashine nyingine ya kuisomea.

"Achana nayo, fundi," akasema. "Ikakufa, ikakufa."

Alilisema kama mtu aliyetuliwa gunia. Mji mzima ulikuwa unanong'ona kwamba boti ilibeba watu kupita kiasi, na orodha ingewahesabu. Nililiona hilo usoni mwake, nikalinyamazia, kwa sababu sekretari wa shule alikuwa ananivuta shati. Patron akaibeba mashine yake akaipeleka nyumbani kwake Swima. Mama Sifa alikuwa amesimama pale na birika mkononi. Aliniuliza mara moja tu.

"Majina haitatoka, fundi?"

"Haitatoka, mama. Mashine imekufa."

"Basi," akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Watu husema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaoishi Baraka tunausema huo msemo kwa kuchekeana. Mimi tangu hapo sijacheka nao.

Ilipita kama miezi sita. Ikaja Ijumaa moja, saa saba mchana, jua kali, si usiku kama wanavyopenda kusimulia wengine. Majirani zangu Waislamu walikuwa wamefunga maduka wameenda kuswali, jenereta la mtaa limezimwa, barabara kimya mpaka unasikia bati likilia kwa joto. Mtu mmoja akasimama mlangoni. Mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mfukoni kalamu mbili, nyekundu na bluu. Amebeba kitu kwenye kikwembe.

"Fundi, salama."

"Salama, papa. Karibu, ikala."

Hakukaa. Alifungua kikwembe, akaweka alimentation mezani, akasema, "Unipimie hii." Nikamwambia sawa. Nilikuwa na njaa na nilitaka amalize aende, nikaishika mita palepale. Mkono wa fundi huanza wenyewe: zambarau kwanza. Tano kamili. Nikaunganisha kijani na nyeusi, feni ikaanza kuzunguka. Njano, kumi na mbili na nukta moja.

Nikafungua mdomo kumwambia ni nzima. Ndipo jicho langu likaangukia nyuma ya kisanduku, pale waya wa ukutani unapoingia. Hapakuwa na waya. Waya wangu ulikuwa bado umeviringwa ukutani kwenye msumari. Sikuwa nimekichomeka popote.

Wewe utaniambia, fundi, kuna vitu ndani yake vinavyotunza umeme. Vipo, navijua kwa majina. Vinatunza kwa sekunde, labda dakika. Feni inavimaliza kwa pumzi moja. Hii feni ilikuwa inazunguka na hewa yake inanipiga kifuani, na ilikuwa hewa ya baridi, katika mchana ule. Nilitaka kukiachia. Vidole vilikataa.

"Weka ampoule," yule mtu akasema.

Nikaweka. Ningefanyaje? Ampoule siku hiyo ilikuwa kwenye droo, nikaifunga kwenye njano na nyeusi. Ikawaka nyekundu, hafifu. Na namba kwenye mita zikaanza kushuka. Kumi na moja. Kumi. Tisa. Saba na nusu. Zilishuka polepole.

"Siku ile haukuweka," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua la kujibu. "Ukaandika BON. Mi nilishaandika bote, fundi, hata batoto. Kazi yangu nilimaliza."

Nikageuza kisanduku. Ubavuni kulikuwa na BON ya bluu, na ule mkia ninaouvuta kwenye herufi ya mwisho, ambao hakuna fundi mwingine anayeuvuta. Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu. Nikatoka mbio. Barabara nyeupe, upande huu na upande ule, hakuna mtu hata mbuzi. Mama Sifa alikuwa kibandani pake anaosha vikombe, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu.

"Mama, ule muntu amepita wapi?"

"Muntu gani? Tangu asubuhi hakuna mwenye aliingia kwako. Unaumwa?"

Nikarudi ndani. Feni ilikuwa imesimama. Kisanduku kilikuwa pale mezani, na kikwembe chini yake. Nilikaa kwenye kiti nikalia, mwanamume mzima, nakuambia bila aibu. Sikulia kwa woga peke yake.

Kesho yake niliweka kisanduku kwenye mfuko, nikapanda pikipiki hadi Swima. Patron alinipokea vibaya. Alisema mashine iko stoo, stoo ina kufuli, ufunguo uko shingoni mwake, tangu aiweke hajaigusa. Nikamwomba tuitazame tu. Kufuli lilikuwa zima. Mashine ilikuwa nyuma ya magunia ya muhogo, vumbi juu yake, na buibui amefuma utando kutoka ubavuni mpaka ukutani. Skrubu zote nne zilikuwa mahali pake. Nikazifungua mbele ya macho yake, nikavuta ubavu. Pale pa alimentation palikuwa wazi. Hata skrubu zake za nyuma zilikuwa zimekazwa, zimeshika hewa.

Nikatoa kisanduku kutoka kwenye mfuko. Nikamweleza shati jeupe. Nikamweleza kalamu mbili, nyekundu na bluu. Patron akakaa juu ya gunia.

"Huyo ni sekretari wangu, nilimuzika mi mwenyewe," akasema. "Nilibeba sanduku yake na hii bega. Beba machine, fundi. Beba yote, uende nayo."

Sikungoja aseme mara mbili. Nilifika Baraka, nikaweka alimentation nyingine, safari hii niliipima na ampoule kwa saa nzima. Mashine iliwaka palepale. Unaelewa maana yake? Kadi kubwa haikuwa imekufa kamwe. Orodha ilikuwa pale juu kabisa, kitu cha mwisho kilichoandikwa. Majina yalikuwa mengi kuliko nafasi za boti ile, hilo patron atalijibu kwa wenye mamlaka, maana nakala nimewapa. Mimi nilikuwa natafuta jina moja.

Nilimwita Mama Sifa. Hasomi, kwa hiyo nilimsomea, kidole changu kwenye kioo. Jina la Sifa. Mbele yake: "peke".

"Soma tena."

"Peke, mama. Bamama wengine ameandika na mutoto. Sifa ameandika peke."

Na mbele ya hapo, mahali pa mtu wa kuambiwa, sekretari alikuwa ameandika: Mama Anyesi, mwenye kubaki na mutoto, Lweba.

Mama Sifa hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza yangu, akasema, "Mujukuu wangu iko muzima?" Aliniuliza mimi, kana kwamba nilikuwa mtu wa kuulizwa tena kitu. Nilimwambia twende. Tulienda saa ileile, yeye nyuma ya pikipiki na aproni yake ya unga, ananishika kiuno na anasali kwa Kibembe njia nzima. Lweba si mbali. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba si mbali hata kidogo.

Mama Anyesi tulimkosa. Hakuwa mwenyeji, alikuwa mchuuzi, ananunua samaki wakavu Lweba na kuwapeleka machimboni, na alifahamiana na Sifa hukohuko kwenye dhahabu. Mwenye nyumba aliyempangisha ndiye aliyetueleza yote, amesimama uani na ufagio. Sifa alipita pale akitoka Lulimba, mtoto ana homa kali. Aliogopa kumpandisha botini kwenye upepo, akamwacha kwa rafiki yake, akasema atamtuma baba wa mtoto amchukue. Mtoto alipona. Ametambaa kwenye ua huu, alisema, ameota meno hapa.

"Mbona hakumuleta kwetu?" Mama Sifa akauliza.

"Alikwenda, mama! Mara mbili alikwenda Baraka, mu ofisi ya boti, kuuliza jamaa ya Sifa ni banani. Balimwambia liste hakuna, machine ilikufa, fundi alishapima. Akangoja hapa. Juzi tu, wiki mbili hazijaisha, bei ya samaki ikaharibika, akafunga mizigo. Analia, anasema mutoto hawezi kumutupa. Akamubeba akaenda naye mu mine ya dhahabu, mi sijui mine gani."

Fundi alishapima. Nilikuwa nimesimama hapohapo nikisikia. Mama Sifa alinitazama, akatazama ardhi, kisha akaanza kutafuta kwenye ule ua kwa macho, kila kona, akaokota kitambaa kidogo kilichosahauliwa kwenye kamba. Akakikunja. Njia ya kurudi hakunishika kiuno, alishika chuma cha nyuma.

Tangu hapo imepita mvua moja na kiangazi kimoja. Nimekwenda Lulimba mara nne, na zaidi ya Lulimba, mahali pasipofika pikipiki. Machimbo huko huhama kama nzige; leo kuna watu elfu na maturubai, mwezi ujao ni mashimo na maji. Wengine wanasema walimwona, wengine wanasema amevuka upande wa Katanga. Kazi yangu imepungua. Kila kisanduku nakipima mara tatu, na bado siwezi kuandika lile neno. Kalamu inafika pale mkono unakataa, wateja wananiita fundi kobe na wanaenda kwa wengine. Kikwembe kile tulimwonyesha mama mzazi wa sekretari. Aliliona pindo akajua ni chake, alichomfungia mwanawe mkate asubuhi ya safari, akatuomba tukichome. Mama Sifa bado anauza chai. Ananisalimia vizuri. Hajawahi kunilaumu hata neno moja, na kuna siku namwomba Mungu anilaumu tu yaishe.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama wewe ni fundi, au muuguzi, au mtu yeyote ambaye watu wanaliamini neno lake, usiseme kitu kimekufa wala kizima kwa sababu una njaa na mlangoni kuna foleni. Huwezi kujua ni nani yuko upande wa pili anangoja neno hilo. Na kama safari zako zinakupeleka machimboni, upande wowote ule, angalia wanawake wanaouza samaki wakavu. Ukimwona mmoja ana mtoto wa kiume aliyepita kidogo miaka miwili, mwite mtoto Daudi uone kama atageuka. Akigeuka, mwambie yule mama hakuna atakayemlaumu, na mwambie kwamba bibi wa mtoto yupo, yuko Baraka, kila asubuhi anachemsha chai.